Pipa Lilibeba Nini

Tarehe 2 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na vidole vyote kumi. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu. Baba naye anamsalimu "fundi," ndivyo alivyosema, sijui kama ni heshima au ni mambo yenu ya mashemeji. Mdogo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa akisema neno lenye sauti ya "s" anapiga mluzi bila kukusudia. Bibi hajambo, isipokuwa kifua.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Kwanza, Mama anasema kila simu unayonunua haimalizi mwezi kabla cheche hazijaitoboa. Pili, mimi kwenye simu husema "ndiyo" na "haya" tu. Maneno yenyewe huja nikishakata.

Sasa niingie kwenye jambo. Mimi na Bibi tunalala chumba cha nyuma, kile cha sakafu ya saruji na paa la bati. Nimeazima kipimajoto cha mwalimu wa sayansi. Leo alfajiri kilisoma nyuzi kumi na mbili, na baridi yenyewe bado haijaanza. Mwaka jana Bibi alikohoa miezi miwili mfululizo. Jiko la mkaa Baba amelipiga marufuku tangu siku tulipoamka wote wawili vichwa vikitugonga, na hapo ana haki. Mama mkubwa amepata habari, akatoa hukumu: "Mwisho wa Juni nakuja. Nikiingia chumbani humo nikahitaji sweta, Mama anaondoka na mimi."

Kwa Mama mkubwa kuna joto. Bibi anasema akiwa huko anajisikia kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Hataki kwenda, lakini hasemi hataki. Huniambia tu, "Fungua kitabu."

Kila jioni namsomea. Darasani siwezi kusoma sentensi moja kwa sauti bila sauti yenyewe kujificha chini ya dawati, lakini kwa Bibi nasoma sura nzima, ingawa hukatiza kila ukurasa. "Huyo mwanamume mwongo. Ruka, twende mbele." Akiondoka sijui nitamsomea nani.

Katika maktaba ya shule kuna kitabu kinachoeleza namna ya kutengeneza jiko la kuni kwa pipa la chuma. Hatua ni kumi. Bahati mbaya kuna mtu aliyechana ukurasa wenye hatua ya tatu hadi ya tisa. Ya pili inasema, "Tafuta pipa zuri." Ya kumi inasema, "Sasa keti ufurahie joto." Naomba unisaidie hizo saba za katikati.

Mpwa wako


Tarehe 19 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku tisa mbele ya usukani wa dereva wa lori, na imefika na duara la kikombe cha chai juu ya salamu za baba yako. Sikuona hasara. Mimi mzima, vidole kumi, kimoja kimefungwa kitambaa. Nakuandikia nikiwa ndani ya tangi tunalolichomelea. Ndipo mahali pekee hapa kazini ambapo msimamizi haingii, kwa sababu ya tumbo lake.

Kabla ya hatua ya tatu, rudi kwenye ya pili. Pipa lilibeba nini? Kama ni petroli, mafuta au rangi, usiliguse, hata kama limekauka tangu mwaka jana. Mvuke hubaki ndani ukingoja cheche. Namjua fundi aliyekata pipa bila kuuliza. Nyusi zilimuota tena, lakini moja ilichelewa kuliko mwenzake, na mpaka leo uso wake unaonekana kama anakushangaa.

Halafu, usichomelee wewe. Mtafute fundi wa mtaani, wewe kazi yako iwe kushika karatasi. Nimeweka mchoro. Pipa lilale ubavu juu ya miguu minne. Mlango uwe kwenye kitako cha mbele, wenye bawaba na komeo, na chini yake matundu ya kuingiza hewa. Bomba la moshi litokee juu, upande wa nyuma, lipite ukutani, litoke nje. Bomba hilo lisiwe la bati lililopakwa zinki, maana likipata moto moshi wake ni sumu. Ndani mwagia mchanga vidole vinne ili moto usile chuma. Mara ya kwanza liwashe uani, rangi yote iungue huko huko. Na likiwa chumbani, dirisha lisifungwe lote. Upite hata wembe wa hewa.

Nisalimie dada, nisalimie shemeji, nisalimie kibogoyo. Nisalimie wote waliomo nyumbani.

Mjomba wako

Nimekumbuka. Hilo pipa mmelitoa wapi?


Tarehe 30 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Mdogo wangu amefurahi kuitwa kibogoyo na sasa haitiki jina jingine. Mama anauliza kidole kilichofungwa ni kipi. Nyuzi joto za alfajiri ni kumi na moja.

Bibi aliona bahasha. "Ya nani hiyo?"

"Ya Mjomba."

"Mjomba yupi?"

"Bibi, nina mmoja tu."

"Basi atakuwa huyo."

Aliniambia nisome kama nina nafasi. Nilipomaliza akaniambia nisome tena, akasema mwandiko wako unasikika mbaya. Nilimsomea yote, isipokuwa ule mstari wa chini kabisa.

Kuhusu swali lako: pipa lilibeba maji. Maji matupu, siku zote. Kwa hiyo hakuna hatari.

Fundi nimempata. Karakana yake iko kona ya mtaa wetu na watu wanamwita Cheche. Ni mtu mwema, ila hana sauti ndogo. Nilijua nikifika pale nitasema "ndiyo" na "haya," kwa hiyo niliandika kila kitu kwenye karatasi: vipimo, miguu, bawaba, na mwisho ombi moja la faragha. Nikampa, nikasimama kando nikitazama viatu vyangu.

Akasema miwani ameikalia, lakini kwa mbali anaona. Akainyoosha karatasi mbele ya uso kama mtu anayetoa hotuba, akaanza. "'Ndugu fundi, heshima yako.' Ahsante, binti. Jamani, nyie njooni msikie, mimi nimeandikiwa 'heshima yako.'" Mshona viatu akaja. Muuza matunda akaja. Akasoma kila sentimita, akasifu kila nukta, na akasoma mstari wa mwisho kwa sauti kubwa kuliko yote, halafu akasema, "Oho. Hili lilikuwa la siri."

Amekubali kazi. Malipo yake ni nimwandikie kibao cha karakana, chenye neno "heshima" mahali fulani.

Mpwa wako


Tarehe 12 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Maji ya nani?

Mjomba wako


Tarehe 22 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na wenzako wa kazini ni wazima, na msimamizi mzima, na tangi linaendelea vizuri. Hatujambo kabisa. Baba hajambo. Mama hajambo. Kibogoyo ameanza kuota jino moja, linachungulia kama mtu asiye na hakika kama amealikwa. Paka wa jirani amezaa. Mitihani itaanza mwezi ujao. Alfajiri ya leo nyuzi ni tisa na nusu.

Kazi inakwenda. Cheche amekata mlango na mlango unafunga. Miguu minne imechomelewa, mitatu ikiwa sawa na mmoja ukiwa mfupi. Cheche anasema si mguu mfupi, ni sakafu itakayokuwa ndefu. Tumetia kipande cha tofali. Jumamosi tuliliwasha uani kwa Cheche kama ulivyoagiza. Rangi ilitoa moshi mweusi, na mama wa nyumba ya pili akaanua nguo huku akitusemesha maneno ambayo siwezi kuyaandika, ila moja lilikuwa jipya kwangu na nimelitafuta kwenye kamusi. Halimo.

Baba alikuwa akisema tunajenga bomu. Jumamosi hiyo alisogeza kiti chake karibu na hilo bomu, akasomea gazeti hapo mpaka jua likazama.

Ulikuwa umeuliza kitu, lakini naona karatasi inakaribia kwisha. Kwani kwa nini unauliza?

Mpwa wako


Tarehe 2 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Karatasi yako ilikuwa na nusu ukurasa mweupe. Mimi ni fundi, nafasi naiona.

Nitakueleza kwa nini nauliza, kwa kuwa naona dada yangu hajakueleza. Miaka minane iliyopita, wakati nikikaa na Mama katika nyumba ile ya zamani, nilikuwa ndiyo kwanza nimejua kuchomelea, na mtu aliyejua kuchomelea jana huona kila chuma kama kinamwita. Nyuma ya nyumba kulikuwa na pipa. Wiki ile mabomba ya mtaa yalikuwa makavu. Pipa lilikuwa limebakiza maji ya ndoo mbili. Nikayamimina kwenye bustani ili nilifanyie Mama jiko, awe na joto. Nilitaka akirudi alikute tayari.

Alirudi na ndoo kichwani. Maji alikuwa ameyatafuta mitaa mitatu, anakuja kuyamimina ndani ya pipa lake. Akakuta pipa limelala, lina miguu minne na mlango. Hakutua ndoo. Aliinama na ndoo yake vilevile, akafungua mlango, akatazama ndani, akaufunga. Akaniuliza, "Maji yangu yatakuwa yakipiga hodi?"

Halafu akaanza kunigombeza. Mama yangu akigomba hapandishi sauti, na ndiyo shida yenyewe, maana huwezi kusema hukusikia. Alipofika kama katikati nikamwambia, "Mama, naenda kukutafutia pipa jingine." Nikachukua begi, nikapanda lori.

Miaka minane sasa bado natafuta.

Mwanzoni nilikuwa sina pipa. Baadaye nikawa na aibu. Ukikaa na aibu sana inakuwa kama fanicha, unaizunguka tu. Kwa hiyo nauliza tena, na safari hii tumia karatasi yote. Maji ya nani?

Mjomba wako


Tarehe 12 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Maji ya Bibi.

Lilikuwa pipa lake, si lile lako, ni jingine alilokuja nalo alipohamia kwetu, lililokaa nyuma ya nyumba chini ya mfereji wa paa. Lilikuwa linavuja kwenye mshono. Nilimwambia nalipeleka kwa fundi likazibwe, na mahali pake nikaweka la plastiki. Sikudanganya sana. Nilifikiri akishaona joto atasahau maji. Naona katika ukoo wetu wazo hili lina mwenyewe.

Tangu Aprili, kila asubuhi Bibi ananiuliza, "Pipa langu limepona?" Namjibu linaendelea vizuri. "Lina homa?" Hapana, Bibi. "Linakula?" Nilidhani anatania tu.

Barua yako niliisoma mara mbili. Sikumsomea. Nilikaa kitandani kwake, nikasema kwa mara ya kwanza bila karatasi, "Bibi, pipa lako lina mlango."

Akaendelea kukunja kanga yake. "Na miguu minne," akasema. "Mmoja mfupi."

Alijua tangu siku ya kwanza, Mjomba. Mstari wa mwisho wa karatasi yangu ulikuwa, "Pipa ni la Bibi yangu, tafadhali asijue." Cheche alipoanza kusoma, Bibi alikuwa dirishani anaosha vyombo. Anasema alifunga bomba la maji ili asikie vizuri.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka nione kama katika ukoo huu kuna mtu anayeweza kusema jambo kabla ya kupanda lori."

Hakunigombeza. Nilimwuliza kuhusu wewe, kama ana hasira. Akasema maneno yako anayo, ameyahifadhi, na hayatumwi kwa posta.

Sasa msiba wenyewe. Jana tuliliingiza chumbani, Cheche akapitisha bomba ukutani, tukawasha. Kwa dakika tano lilikuwa jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuyafanya. Kisha upepo ukavuma na moshi wote ukarudi ndani. Tulitoka tukilia machozi, Baba amembeba Kibogoyo, Cheche amembeba paka ambaye si wetu. Bibi alitoka wa mwisho, polepole, akasema, "Angalau lile la kwanza halikuwashwa." Usiku amekohoa.

Mama mkubwa atafika tarehe ishirini na nane, siku kumi na sita kutoka leo. Barua ni siku tisa kwenda na tisa kurudi. Nimepiga hesabu mara nne na haibadiliki. Nakuandikia hata hivyo, kwa sababu sijui kufanya kingine.

Mpwa wako


Tarehe 30 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Wewe ulikuwa upande wa pili wa simu, kwa hiyo unajua ulichosikia. Hukuona kilichotokea huku. Ngoja nikueleze.

Simu ya Mama ililia tarehe ishirini na mbili, na namba hatukuijua. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Ulisema ni wewe, kwa simu ya dereva, kwamba barua imefika na inakubidi useme haraka. Mimi nikasema "ndiyo." Ukauliza bomba linaishia wapi nje. Nikasema "haya." Samahani. Ukauliza tena, na sauti yangu ikawa imekwenda zake. Ndipo Bibi akaninyang'anya simu.

"Nani?"

Sikusikia ulichojibu, lakini Bibi akasema, "Mimi yupi?" Halafu midomo ikataka kucheka, yeye akaikataza. Baadaye nilimwuliza ulisema nini. Anasema ulisema, "Wa pipa."

Ulidhani simu imekatika pale, maana ulianza kusema "halo, halo." Haikukatika. Bibi alikuwa amekaa chini. Alikaa kwenye ndoo, ikiwa na maji, akalowana, na hakusimama. Kisha akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Bomba linaishia chini ya ukingo wa paa. Moshi unarudi. Sema." Akawa anarudia kila neno lako kwa sauti, mimi nikiandika: lipandishwe, lipite mgongo wa paa kwa urefu wa mkono mzima, livalishwe kofia. Alipotaka kuanza maneno yake mwenyewe, salio la dereva likaisha. Bibi aliitazama ile simu kama mtu aliyeibiwa.

Cheche alipanda juu siku iliyofuata. Kutoka kwenye paa alisoma maagizo yako kwa mtaa mzima. Tulipowasha, moshi ulipanda moja kwa moja kama uliokuwa ukijua njia siku zote.

Mama mkubwa alifika Jumamosi na sanduku tupu la kuwekea nguo za Bibi. Hakuvua koti. Aliingia chumbani amejikunyata, akaketi kwenye kiti, akatuangalia wote kama hakimu. Kuni zilikuwa zinalia ndani ya pipa. Baada ya dakika chache akafungua kifungo kimoja. Akasema, "Hii haina maana yoyote." Akavua koti. Bibi aliangalia ukuta. Kisha Mama mkubwa akavua sweta, akajipepea nalo, akauliza kwa nini dirisha halifunguliwi zaidi. Kabla hajajibiwa alikuwa amelala, mdomo wazi.

Bibi akaniambia, "Fungua kitabu."

Nilisoma mbele ya Bibi, Mama, Baba, Kibogoyo na Mama mkubwa aliyekuwa anakoroma. Nilifika ukurasa wa tatu ndipo nikakumbuka kwamba watu walikuwa watano. Sauti ilitetemeka kidogo, lakini haikujificha.

Mama mkubwa ameondoka leo na sanduku lake tupu. Amechukua mchoro wako, ingawa kwake kuna joto. Bibi amebaki.

Sasa naandika maneno ya Bibi. Amesema niyaandike kama yalivyo, bila kuyapamba.

"Wewe mwenye pipa. Nilisema maneno yangu hayatumwi kwa posta, lakini simu imenionyesha kuwa posta ni afadhali. Siku ile uliondoka nikiwa katikati. Mimi nikigomba nina mwanzo, nina katikati na nina mwisho. Mimi ndiye niliyekuzaa, ulipaswa kujua. Mwanzo ulikuwa wa maji. Katikati ilikuwa ya kutouliza. Mwisho ulikuwa, 'Haya, liwashe basi tuone.' Hukungoja. Nimekaa na huo mwisho miaka minane, sina pa kuutua. Na pipa langu bado silioni. Hili la mjukuu wako si langu tena, lina miguu."

Nilimwambia mimi ni mpwa wako, si mjukuu wako. Akasema niandike nilichoambiwa.

Mpwa wako


Tarehe 11 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Barua hii sikumpa dereva, kwa kuwa nimeketi karibu naye, na mwandiko utausamehe kwa sababu ya mashimo ya barabarani. Nimeomba likizo. Msimamizi aliuliza sababu, nikamwambia Mama hajamaliza kunigombeza. Alifikiri kidogo, akasaini.

Nyuma ya lori kuna pipa. Nimelichagua kati ya arobaini, nimelijaza maji na kulitazama siku mbili, halivuji hata tone. Dereva ameniuliza lilibeba nini. Nimemwambia bado halijabeba kitu, ila lina mwenyewe.

Tukifika sitapiga hodi. Nitakuita wewe mlangoni nikupe barua hii, uingie umsomee Mama yote, pamoja na mstari wa chini kabisa. Mimi nitabaki nje na pipa.

Mwambie shikamoo. Mwambie aanze tena tangu mwanzo akitaka. Ukifika mstari huu, lori nimekwisha kuliruhusu liende.

Mjomba wako